Masta na doktora ya kemia kwa sisi wa Lubumbashi: zinampeleka mtu wapi?

Mwanafunzi wa Kasapa

Jambo kwenu wote, wakubwa na wenzangu. Namaliza lisansi (shahada ya kwanza) ya kemia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), katika mfumo huu wa LMD, yaani lisansi, masta na doktora, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022, na mbele yangu naona njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea moja kwa moja na masta ya miaka miwili, kisha doktora Mungu akijalia. Ya pili ni kupeleka karatasi zangu kwenye kampuni za madini na kuanza kazi ya maabara hata kwa cheo cha chini. Baba anasema masomo yasikatwe katikati. Mjomba, ambaye alitumikia Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, tangu ujana wake, anasema kwamba vyeti vingi bila mikono havimlishi mtu. Wote wawili nawaheshimu, na kila mmoja naona ana sababu zake.

Ninawaomba ninyi mliopita njia hizi mnieleze: masta ya kemia inaongeza nini ambacho lisansi haina? Doktora inamfaa nani? Na kazi zenyewe ziko wapi hapa Katanga, ukiacha migodi ambayo kila mtu anaitaja?

Mkemia wa Shituru

Mdogo wangu, nimefanya kazi katika maabara za uchambuzi Likasi na Lubumbashi, nikasoma masta baada ya kuonja kazi, kwa hiyo nitakujibu kutokana na ninayoyaona kila siku. Nitaanza na kazi yenyewe, kwa kuwa watu wengi hubishana juu ya diploma bila kueleza mkemia anafanya nini tangu anapovaa koti jeupe asubuhi.

Chukua kazi ya kawaida kabisa: kupima kiwango cha shaba katika mkusanyiko wa madini kwa njia ya iodini. Unapima sampuli kwenye mizani, tuseme gramu 0.5, unaiyeyusha kwa asidi ya nitriki na ya hidrokloriki, unaipooza kwa amonia mpaka ile buluu nzito ya shaba itokee, kisha unarudisha uchachu kidogo kwa asidi ya asetiki na kuongeza chumvi ya floridi ili kuifunga chuma isikuharibie hesabu. Ukitia iodidi ya potasiamu, maji yanageuka kahawia kwa iodini iliyofunguliwa, na chini yake unaona unga mweupe wa iodidi ya shaba. Hapo ndipo unafungua bureti yenye thiosalfeti ya sodiamu na kuiacha ishuke mpaka kahawia ififie iwe manjano hafifu. Unatia wanga, rangi inakuwa nyeusi ya buluu. Unatia thiosianeti ili iodini iliyonata kwenye ule unga iachie. Kisha unaendelea tone kwa tone mpaka buluu itoweke na chupa ibaki nyeupe kama maziwa.

Sasa fanya hesabu. Ikiwa thiosalfeti yako ni ya moli 0.1 kwa lita, kila mililita moja ni sawa na miligramu 6.355 za shaba. Tone moja ni karibu mililita 0.05, yaani takriban miligramu 0.3 za shaba, na kwa sampuli ya gramu 0.5 hiyo ni pointi 0.06 ya asilimia. Peleka kosa hilo kwenye shehena ya tani 1,000, utakuta tone moja lililozidi limeumba kilo zaidi ya 600 za shaba ambazo hazikuwemo kwenye mfuko wowote. Muuzaji na mnunuzi watagombana juu ya kilo hizo, na Serikali nayo imo ndani, maana Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoza mrabaha wa asilimia 3.5 kwa shaba na asilimia 10 kwa kobalti iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati. Mrabaha huo unategemea namba iliyotoka katika maabara.

Mtu mwenye lisansi, na hata fundi mzuri asiye na lisansi, anaweza kufanya kipimo hicho vizuri sana, na wapo mafundi wa Gécamines ya zamani ambao mkono wao sijaona mfano wake. Tofauti inajitokeza siku ambayo maabara ya muuzaji inasema shaba ni asilimia 30.2 na ya mnunuzi inasema 29.7. Siku hiyo anahitajika mtu anayeweza kuketi mezani na kueleza namba yake ina shaka kiasi gani na shaka hiyo inatoka wapi: kwenye kuchukua sampuli, kwenye unyevu, kwenye kuyeyusha, au kwenye kipimo chenyewe. Anahitajika mtu aliyepima vipimo tupu (visivyo na sampuli ndani) na vipimo vya marudio, aliyeweka katika kila kundi la sampuli kitu cha rejea chenye cheti, na anayejua kwa nini grafu ya kusawazisha chombo inapinda ukipita kiwango fulani. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025, ambacho toleo lake la sasa ni la mwaka 2017, kinaidai maabara mambo hayo kwa maandishi. Masta iliyofundishwa vizuri humpa mtu uwezo huo, yaani kusimama nyuma ya namba yake na kuitetea. Mwajiri mwenye akili hulipia uwezo huo, na ndiyo sababu mkuu wa maabara au msimamizi wa ubora mara nyingi hutafutwa miongoni mwa watu wa masta.

Nasisitiza neno «vizuri», kwa sababu kuna masta ambayo mtu anaimaliza bila kugusa chombo hata kimoja zaidi ya bureti. Kabla hujajiandikisha, uliza maswali haya bila haya: spektromita ya unyonyaji wa atomu, chombo cha kupima metali, inafanya kazi au imefunikwa kitambaa? Gesi zake zinanunuliwa na nani? Ni nani aliyeitumia kwa ajili ya kazi yake ya mwisho mwaka uliopita? Majibu yakikosekana, tafuta profesa mwenye makubaliano na kampuni, ili utafiti wako ufanyike katika maabara ya kiwanda huku chuo kikisimamia. Mpango wa namna hiyo haumwaibishi mwanafunzi. Kwa mji kama wetu, ambapo viwanda vimetuzunguka kutoka Ruashi hadi Kolwezi, mimi naona ndio mpango bora kuliko yote.

Kuhusu mada, kemia ya myeyusho wa madini bado ina mambo mengi ambayo hayajamalizwa. Malakiti, madini ya shaba, huyeyuka kwa urahisi katika asidi ya salfuriki, lakini heterojeniti yetu, madini ya kobalti, ina kobalti ya daraja la tatu isiyotaka kuyeyuka mpaka ipunguzwe kuwa ya daraja la pili, na kwa kazi hiyo viwanda hutumia metabisalfaiti ya sodiamu au gesi ya dioksidi ya salfa. Metabisalfaiti husafirishwa kutoka mbali na huacha sodiamu nyingi majini. Kisha kuna kutenganisha shaba kwa viyeyushi vya ogania, kuondoa chuma na manganizi, kuidondosha kobalti kwa oksidi ya magnesi, na kuchunguza kwa nini kathodi nyingine, yaani mabamba ya shaba safi, hutoka na vinundu badala ya kuwa laini. Katika kila hatua kuna swali la masta, na katika hatua kadhaa kuna swali la doktora.

Kwa hiyo baba na mjomba wote wana sehemu yao ya ukweli. Ushauri wangu ni kwamba ukipata kazi ya maabara sasa, hata ya zamu za usiku, ichukue, fanya mwaka mmoja au miwili, kisha rudi kusoma masta ukiwa na swali ulilolibeba kutoka kiwandani. Ukikosa kazi, endelea na masta bila kukaa nyumbani ukisubiri, kwa sababu mikono hupoteza wepesi haraka.

Mhadhiri mmoja wa sayansi

Nimesoma maelezo ya ndugu yangu wa Shituru na nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa, ila kwenye ushauri wa mwisho nina pingamizi. Mwanafunzi anayetaka kazi ya chuo kikuu asikae kiwandani muda mrefu. Mshahara wa mgodi ni mtamu, familia huuzoea, na nimeona vijana wenye vipaji vikubwa wakiahidi kurudi lakini hawarudi. Anayejijua kwamba moyo wake uko kwenye utafiti na aendelee.

Sasa niseme juu ya doktora, kwa kuwa wengi huichukulia kama masta ndefu. Masta hukufundisha kutumia mbinu zilizothibitishwa na kuzithibitisha tena katika mazingira yako. Doktora hukudai jambo jipya, lililoandikwa na kukubaliwa na wanasayansi wasiokufahamu. Katika chuo kikuu, ngazi inaanza kwa asistanti, inapita kwa CT (chef de travaux), kisha mwenye doktora anaingia katika uprofesa: profesa mshiriki, profesa, na hatimaye PO (professeur ordinaire). Bila doktora unaishia CT, hata uwe mwalimu hodari namna gani. Kwenye karatasi za LMD doktora ni ya miaka mitatu, lakini katika kemia muda huo hutegemea vifaa, vitendanishi na umeme. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumefanya doktora ya usimamizi wa pamoja, sehemu hapa na sehemu katika chuo cha Ubelgiji au kwingineko, ambapo sampuli hukusanywa na kuandaliwa huku na kusomwa kwa vyombo vya kule. Jambo la kuangalia ni kwamba swali la utafiti libaki letu. Mtu anayetumwa kila likizo kukusanya mawe na maji kwa ajili ya swali lililotungwa na mwingine atapata diploma, lakini akirudi hataweza kuanzisha kikundi chake cha utafiti.

Je, nje ya chuo doktora ina kazi? Leo ni chache, na sitaki kumdanganya kijana. Hata hivyo angalia nchi inaelekea wapi. Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa huondoka kama hidroksidi yenye kobalti karibu asilimia 30 tu, kwenda kusafishwa hasa China. Mwezi Februari 2025 Serikali ilisimamisha mauzo ya kobalti nje, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikaweka mgawo, ambao kwa mwaka 2026 na 2027 ni tani 96,600 kila mwaka. Nchi ikipunguza tani zinazotoka, swali linalofuata ni thamani ya kila tani, na swali hilo ni la kemia. Kutoka hidroksidi hiyo mpaka salfeti ya kobalti ya daraja la betri kuna kuondoa manganizi, magnesi, kalsiamu, zinki na shaba mpaka zibaki sehemu chache kwa milioni. Kutoka salfeti hiyo mpaka unga tangulizi wa nikeli, manganizi na kobalti, ambao hutumika kutengeneza betri, kuna kudhibiti uchachu, joto na kasi ya kukoroga ili chembe zitoke duara na za ukubwa mmoja. Utafiti wa BloombergNEF wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba kiwanda cha tani 10,000 za unga huo kingejengwa Kongo kwa dola milioni 39, karibu theluthi ya gharama ya kukijenga Marekani. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilitia saini makubaliano ya kujenga mnyororo huo wa betri, na mwaka huohuo kituo cha Afrika cha utafiti wa betri kilizinduliwa hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kiwanda kikija kabla ya wakemia, wataalamu watatoka nje pamoja na mashine. Hilo linaniuma, na nalisema waziwazi kila ninapoingia darasani.

Mama wa Maji

Wanangu, mnazungumza kana kwamba kemia yote imezama katika shaba na kobalti. Kijana aliuliza kazi zilizo nje ya mgodi, na bado hajajibiwa.

Mimi kazi yangu ni maji, na kila anayeishi Lubumbashi anajua kwamba bomba la moshi la kiwanda cha shaba, kilichoanza kuyeyusha mwaka 1911, liliacha kitu ardhini. Kule mtaa wa Penga Penga, hapa Lubumbashi, udongo ulijaa metali kiasi kwamba mimea ya kawaida ilikataa, na watafiti wa kilimo wa UNILU wakajaribu kuutuliza kwa nyasi zinazovumilia shaba pamoja na chokaa na mboji. Nani anapima kama metali kweli imetulia au inaendelea kushuka kwenye visima? Ni mkemia. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa hapa kwetu, pamoja na wenzake wa Ubelgiji akiwemo Benoit Nemery wa Leuven, uliopima metali katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga na kukuta kobalti nyingi mno. Mwaka 2018 walichapisha mwingine kuhusu mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambapo watu walikuwa wakichimba ndani ya viwanja vya nyumba zao, na watoto walionekana kubeba mzigo mkubwa kuliko watu wazima. Wao ni madaktari, lakini hoja yao yote ilisimama juu ya namba za kemia, na namba hizo zingekuwa na kosa, hakuna ambaye angewasikiliza.

Sheria ya madini inadai kila kampuni iwe na uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii, pamoja na mpango wa kuzisimamia. Hiyo ni kazi ya kupima maji, vumbi na udongo kila msimu, mwaka baada ya mwaka. Aidha, sheria ya ukandarasi mdogo ya mwaka 2017 inawapa kipaumbele wenye kampuni Wakongomani, kwa hiyo wakemia wawili watatu wenye masta, wenye kifaa kizuri na sifa safi, wanaweza kufungua maabara yao na kupata kandarasi. Kwa maoni yangu hapo ndipo vijana wamelala zaidi.

Nyingine nazitaja kwa haraka: REGIDESO kwa maji ya mji, viwanda vya bia na vinywaji, OCC, ofisi ya ukaguzi, kwa bidhaa zinazoingia na kutoka, CEEC, kituo cha Serikali, kwa uthamini wa madini, ukaguzi wa ubora wa dawa, na shule za sekondari za kemia na biolojia, ambazo zina njaa ya walimu wanaoweza kuwaonyesha watoto jaribio badala ya kulichora ubaoni.

Mwanafunzi wa Kasapa

Nawashukuru sana, na wewe mama nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa kuwa sikuwa nimefikiria maji hata kidogo. Nina maswali mawili ya mwisho. Ufadhili unatafutwa vipi na mtu asiye na ndugu nje? Na je, kutojua Kiingereza vizuri kunanifungia milango?

Mkemia wa Shituru

Kwanza, mhadhiri ameniambia ukweli juu ya wanaosahau kurudi, na naupokea. Basi mdogo wangu, kama moyo wako uko chuoni, fuata ushauri wake.

Kuhusu ufadhili, kwa Kifaransa angalia ARES ya Ubelgiji, ambayo hutaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi katika nchi yake, na hapa ndipo miaka yako ya maabara itakapokusaidia. Ufaransa ina programu ya Eiffel, ambayo maombi yake hupitishwa na chuo chenyewe, kwa hiyo kubaliwa na chuo kwanza. Kwa dada zetu, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia, limekuwa likiwafadhili wanawake wa nchi kama yetu kusoma doktora ya sayansi katika nchi nyingine inayoendelea, na nasikitika kwamba wachache hapa wanalifahamu. Marekani idara nyingi za kemia hupokea watu wa doktora moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza na kuwalipa posho ili wafundishe maabara za wanafunzi wadogo, lakini huko Kiingereza ni lazima.

Kiingereza usikiogope, ila usikipuuze pia, kwa sababu karibu makala zote za kemia utakazohitaji zimeandikwa kwa lugha hiyo. Kitwe, Zambia, kwenye Chuo Kikuu cha Copperbelt, ni karibu kuliko Kinshasa kwa mbali sana. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa unakuta watu wanaosoma madini yaleyale, katika mwamba uleule, kwa Kiingereza. Usiidharau njia hiyo kwa sababu tu si Ulaya.

Jambo moja la karatasi ambalo limewaangusha wengi: lisansi ya zamani ilikuwa ya miaka mitano, mitatu ya gradua na miwili juu yake, na lisansi yako ya LMD ni ya miaka mitatu yenye krediti 180. Chuo cha nje kisipoelezwa kitachanganya hizo mbili, ama kikupandishe usipostahili na baadaye kukukatalia, ama kikushushe. Ambatisha orodha ya alama za kila mwaka pamoja na barua ya kitivo inayoeleza mfumo.

Na unapomwandikia profesa, usiandike kwamba una shauku ya kemia. Kila mtu huandika hivyo. Mwandikie mistari kumi: umepima nini, kwa chombo gani, ulipata namba gani, ni kitu gani katika namba hiyo kilikusumbua, na ungependa kukichunguza vipi. Mama wa Maji akikubali, nenda naye kwenye visima vya Penga Penga au Ruashi msimu huu wa mvua, chukua sampuli chache kwa utaratibu mzuri, na barua yako itakuwa na kitu ndani.

Mama wa Maji

Aje. Alete chupa za plastiki zilizooshwa kwa asidi ya nitriki na daftari lenye jalada gumu, mengine nitampa. Na jibu la profesa yeyote likifika, alilete hapa tulisome pamoja kabla hajatia saini chochote.